Mbao ya Jeneza

Skola mwanangu,

Ya muhimu mama yako ameshakuambia, tena zaidi ya mara moja, tena kwa sauti. Blanketi zito liko chini ya begi, dagaa wa kukaanga wako kwenye kopo la maziwa, usimpe mtu simu yako akushikie, na ukifika umsalimie paroko kabla paroko hajasikia kwamba umefika. Hayo sirudii. Mie nina jambo moja tu, na nimelizunguka wiki nzima bila kulishika.

Naandika nikiwa Keko, kijiweni, nimekaa juu ya fremu ya sofa ambayo haijawekwa sponji. Vijana wamekwenda kula. Wewe uko Kiwalani kumuaga shangazi yako Fausta. Ningesubiri urudi nikuambie kwa mdomo, lakini kwa mdomo umenishinda Jumanne, ukanishinda tena Alhamisi, na baba mzima hawezi kushindwa na binti yake kila siku kama timu inayoshuka daraja. Kwa hiyo leo nimekuja na kalamu. Huwezi kunikatiza.

Nina hofu, Skola. Naliandika mapema lisije likapotea katikati ya maneno. Si hofu ya basi la kesho alfajiri, ingawa hiyo nayo ninayo, wala si ya huko Njombe ulikopata kazi na usikokujua mtu. Namhofia binti ninayemjua, akiwa peke yake kwenye chumba cha maabara, mgonjwa yuko nje kwenye benchi, hakuna wa kumuuliza, na kichwani mwake mifano inakuja haraka kuliko aibu. Hofu yenyewe ilianza Jumapili pale mezani, na ilianza nikiwa nacheka.

Ulikuwa unatusimulia habari za zahanati ile ya mtu binafsi ulipokuwa unajitolea ukisubiri ajira. Ulisema vijana wanakuja na fomu za afya, wengine za kujiunga na chuo, wengine za kuombea kazi, na mkuu wenu anataka zitoke haraka. Basi mnajaza tu. Wingi wa damu, sawa. Mkojo, sawa. Macho, sawa. Hakuna aliyechomwa hata kidole. Mama yako akashika kichwa, "Mungu wangu, Skola!" Wewe wala hukubabaika. Ukaweka kijiko chini ukasema, "Mama, zile fomu ni majeneza. Si baba mwenyewe anasemaga jeneza halihitaji mbao kavu? Zinaingia kabatini, hazifufuki."

Beno mdogo wako akapiga meza kwa kucheka. Mama yako akacheka huku anakukemea. Mie nilicheka kuliko wote, mpaka maharage yakanipalia, maana lilikuwa neno langu hilo, nalisikia linatoka kwenye mdomo wa msomi.

Ndipo ukaongeza habari ya yule binti. Ulisema alikuwa amepauka, midomo myeupe, anahema kwa kutembea tu kutoka barabarani, na anataka fomu ya chuo cha ualimu. Ulitaka kumpima damu, mkuu akasema foleni ndefu. Ukajiambia hata yule mama mjamzito wa juzi alikuwa mweupe vile vile, na alipopimwa damu yake ikawa safi. Ukaandika "sawa". Jioni binti wa watu akakutumia ujumbe kukushukuru kwa kumharakishia.

Hapo kicheko kilinikatika. Hamkuniona, mlikuwa mnagombea ukoko.

Skola, lile neno la jeneza unalijua kama utani wa baba. Hujui lilikotoka wala lilikopita kabla ya kufika kwako. Ngoja nikuambie.

Nilipokuja mjini kutoka Masasi alinipokea Mzee Ngonyani, ndiye mwenye kijiwe hiki wakati huo. Usije ukamfanya mtakatifu. Jumamosi alikuwa mlevi, na mara mbili alinirushia patasi, moja ikaacha alama kwenye mlango ule wa stoo, ukija nitakuonyesha. Lakini kwenye mbao alikuwa hana mzaha. Mbao mbichi ilikuwa haitoki kijiweni kwake, kwa sababu mbao ambayo haijakauka inaendelea kukauka nyumbani kwa mteja. Inasinyaa, inapinda, na msumari ulioubana leo, baada ya miezi kadhaa unachezacheza kama jino la mtoto. Mteja hajui. Anaona vanishi inang'aa, anashukuru, anaondoka.

Kazi moja tu ndiyo ilikuwa na ruhusa: jeneza. Msiba haungoji mbao ikauke. Linatengenezwa asubuhi, jioni limeshafukiwa. Wafiwa wanajua, fundi anajua, na marehemu halalamiki. Hakuna anayedanganywa pale, na sioni kosa lake mpaka leo.

Sasa kuna siku walikuja watu wanataka jeneza, nikavuta mbao mbichi, nikaanza kupima. Mzee akaniuliza, "Ya nini hiyo?"

"Ya jeneza, mzee."

"Linazikwa wapi?"

"Songea. Wanasafirisha na lori."

"Rudisha hiyo. Lete kavu."

Nikaleta ubishi, nilikuwa kijana. Nikamwambia, mzee, jeneza ni jeneza, si wewe mwenyewe uliyesema? Akanijia juu. "Hilo si jeneza, hilo ni kitanda! Mtu atalala humo njia nzima, lori linaruka kwenye makorongo, na wanawe wamekaa pembeni yake. Likiachia njiani utakwenda kulishika wewe?" Patasi ya kwanza ilikuwa siku hiyo.

Mie niliona ni ukorofi wa mzee tu. Nilichokibeba kwake ni nusu. Nilijifunza kwamba hapa Keko kazi mpya inaamuliwa kwa kuifananisha na kazi ya zamani. Ile nusu nyingine, ya kusimama ukauliza hii mpya imeachana wapi na ile, niliiacha sakafuni pamoja na maranda.

Miguu ilipomsumbua Mzee Ngonyani akarudi kwao, na mie nikawa ndiye ninayeulizwa. "Braza, hii inakuwaje?" Nilikuwa mwepesi, mwanangu, kama wewe. Akaja mtu anataka jukwaa la harusi, mbao kavu zimeisha. Nikasema jukwaa ni la siku moja, kesho linabomolewa, kuna tofauti gani na jeneza? Vijana wakacheka, tukapiga misumari. Wala halikuanguka. Akaja mama anataka meza ya genge. Nikasema meza ya genge inakaa barabarani, kabla haijapinda itakuwa imeshabomolewa au imeibiwa, hiyo ni kama jukwaa. Ikaja oda ya vitanda vya gesti, Tandika. Nikafikiri kidogo pale, nakumbuka nilijikuna kichwa. Halafu nikasema gesti mtu analala usiku mmoja, na usiku mmoja ni kama harusi.

Nilipendwa, Skola. Unajua raha ya kupendwa kwa sababu wewe ndiye mwenye jibu ambalo kila mtu alikuwa analitaka tangu mwanzo? Mafundi wa vijiwe vya jirani walikuwa wanakuja kuniuliza. Waliniita hakimu. Nikavimba kichwa.

Na nikuambie kitu ambacho nilichelewa sana kukiona. Mara zote mfano ulikuja mbao imeshakatwa. Hakuna siku niliyokaa nikafikiri kwanza, ndipo nikakata. Nilikata kwa sababu mbao ile ilikuwa karibu na mteja ananisukuma, halafu ndipo nikaanza kutafuta kazi inayofanana nayo. Na haikosekani. Ukitaka kufanana, kila kitu kinafanana na kila kitu. Jeneza lina kona nne, na kitanda kina kona nne.

Basi ukafika wakati wenu. Ulikuwa umeanza darasa la kwanza, Beno bado anatambaa na kuanguka, chumba kimoja, mama yako anadai nafasi ya kupitisha miguu. Nikaamua kuwatengenezea dabo deka, wewe juu, Beno chini. Mbao kavu nilikuwa nimeziweka kwa ajili ya oda ya mteja. Mbichi zilikuwepo. Nikasema hiki ni cha muda tu, tukihamia kwetu nitawatengenezea cha mninga, cha maana. Cha muda ni kama cha gesti. Cha gesti ni kama jukwaa. Jukwaa ni kama jeneza.

Mama yako aliniuliza. Hilo nalitaka ulijue kwa sababu yeye hajawahi kulisema. Alishika ile mbao, akanusa mkono wake, akaniuliza, "Baba Skola, hicho kitanda wewe utalala?" Nikamjibu nini? Nikamjibu, "Mie mzito, watoto wepesi." Hata pale nilikuwa na hoja. Sijui Mungu aliniumba vipi.

Ile siku huijui vizuri, ulikuwa mdogo. Ilikuwa Jumapili mchana, mmetoka kanisani. Hukuwa unaruka, hukuwa unacheza, hukuwa na utundu wowote. Ulikuwa umelala kifudifudi kule juu, unachora nyumba. Chaga za kitanda ziliachia upande mmoja, ukaja chini na godoro na penseli yako. Beno alikuwa nje na mama yako anaogeshwa. Mie nilikuwa mlangoni. Nilisikia kiwiko kabla sijasikia wewe unalia.

Nilipokunyanyua niliutazama ubao. Msumari ulikuwa umenyooka, mzima, haujapinda hata kidogo. Tundu lake ndilo lilikuwa limekuwa kubwa. Nikajua palepale. Wanangu nilikuwa nimewalaza kwenye mbao ya jeneza.

Hayo yote unayajua, kwa kiasi, na mkono wako usionyooka unayajua kuliko mimi. Sijawahi kuficha kosa lile. Nimelisema mbele ya mama yako, mbele ya shangazi yako, hata kwenye jumuiya. Sikuandikii barua leo kuungama upya. Kuna jambo jingine pale ambalo nimelielewa wiki hii tu.

Ulirudi kutoka hospitali mkono umefungwa plasta ngumu. Nilikaa kizingitini nikalia, sikuweza kujizuia. Wewe ukaja, miaka saba, plasta nzito kuliko wewe mwenyewe, ukanishika bega na mkono ule mzima, ukaniambia, "Baba usilie. Hata baba yake Rehema alimwangusha Rehema na baiskeli."

Loo! Nilicheka machozi yakiwa bado yanatoka. Majirani wakasema huyu mtoto ana akili! Mie nikasema kwa sauti, "Kweli bwana, hata baba yake Rehema." Na nikapata nafuu, Skola. Nilipata nafuu kweli. Usiku ule nililala. Lakini baba yake Rehema aliteleza kwenye matope baada ya mvua, mtaa mzima unajua, na mie sikuteleza popote. Nilisimama pakavu, macho makavu, nikachagua mbao.

Tofauti ile niliijua. Nikaiacha ipite, kwa sababu mfano wako ulikuwa mtamu.

Tokea hapo ukawa unanitafutia. Sikufika kwenye kipaimara chako kwa sababu ya oda ya kabati, ukarudi na gauni lako jeupe ukaniambia, "Usijali baba, hata Mtakatifu Yosefu hatujasikia kama alikwenda kwenye kipaimara cha Yesu, na yeye alikuwa seremala." Nyumba nzima ikaangua kicheko, mpaka leo tunausimulia. Nikasahau kununua madaftari, ukasema hata baba yake fulani alisahau. Nikamfokea mama yako mbele za watu, hata mwalimu wenu. Kila nilipokosea nilikuwa nakutazama usoni, nasubiri. Ulikuwa mtoto unayempa baba yako ruhusa, na baba mtu mzima alikuwa anakinga mkono.

Kwa hiyo Jumapili uliposema fomu ni majeneza, nilishangaa umejifunzia wapi. Halafu nikajua. Ulijifunza kwangu. Kazi hii uliianza na plasta mkononi, na mteja wako wa kwanza nilikuwa mimi.

Jumanne nilikukuta unakunja nguo nikakuambia, "Skola, yule binti."

"Yupi baba?"

"Wa midomo myeupe. Mpigie, akapimwe."

"Jamani baba! Umemkalia tu. Nimpigie nimwambie nini, kwamba nilimdanganya? Fomu imeshapelekwa. Na akipimwa akakutwa mzima si nitakuwa nimemtia presha ya bure?" Halafu ukanigeukia, na najua hukutaka kuniumiza, ukasema, "Kwani wewe uliwapigia wateja wako wote kuwaambia mbao ilikuwa mbichi?"

Nikasema "Haya", nikatoka nje, nikajifanya natazama bomba.

Alhamisi nikajaribu tena. Ukaniambia hata madaktari wakubwa wapo wanaomtazama mtu kwa macho tu na wakajua. Na kweli wapo! Huo ndio ubaya wa mifano yako, ni ya kweli. Ungekuwa muongo ningeshakukamata zamani. Daktari yupo, yule mama mjamzito yupo, baba yake Rehema yupo na baiskeli yake. Unachukua mtu wa kweli unamsimamisha mbele ya mtu mwingine wa kweli, na huyu wa nyuma hatumwoni tena. Huyo daktari mkubwa ametazama macho ya watu miaka na miaka, na akiwa na shaka anapima. Mama mjamzito alipimwa, ndiyo maana ukajua damu yake ni safi. Yule binti hakupimwa. Tofauti yenyewe ni hiyo, na ilikuwa pale pale mbele yako. Uliiruka kwa sababu foleni ilikuwa ndefu.

Na swali lako la Jumanne nina jibu lake sasa, siku zimepita lakini ninalo. Hapana, sikuwapigia. Ulipokuwa bado na plasta nilikwenda Tandika mpaka kwenye mlango wa ile gesti, nikasimama nje. Nikamwona mhudumu anaanika mashuka. Nikajiambia hata vitanda vya kiwandani huvunjika, nikageuza. Mpaka leo sijui vile vitanda vilimfanya nini mtu. Nikipita Tandika napita barabara ya nyuma. Kwamba mie sikuwaambia watu ni aibu yangu mie, Skola. Haikupi ruhusa wewe, na haimwongezei damu yule binti hata tone.

Ngoja, unakuja. Nakuona unavuka barabara na mfuko wa shangazi yako.

Umeondoka sasa hivi. Nilikuwa nimekalia hizi karatasi, ndiyo maana sikusimama kukupokea, na ukanitania kwamba sofa ya mteja naivunja kabla haijalipiwa. Uliniuliza naandika nini nikasema hesabu ya misumari. Ukanipa korosho za Fausta, ukanisimulia alivyolia na alivyokupa kitenge. Nikakuuliza, "Hukupita kwingine huko Kiwalani?"

"Kwingine wapi baba?"

Ulijua ni wapi. Nilikuona ulivyoshusha macho. Asubuhi niliposikia unakwenda Kiwalani nilipata tumaini, kwa sababu Jumapili ulisema yule binti anatokea huko huko. Nikasema labda atapita, labda sina haja ya kumaliza barua. Ukafunga kamba ya kiatu ambayo ilikuwa imefungwa. Ukasema, "Baba, hata shangazi kasema nisijichoshe leo, kesho nina safari." Nikakwambia haya, nenda nyumbani, mama yako anakusubiri na pasi. Na nimebaki na korosho mkononi, sijala hata moja.

Sikuambii uache kufananisha. Utafananishaje usifananishe? Mie siwezi kutengeneza kabati bila kukumbuka kabati. Huko Njombe utaletewa mambo ambayo hayamo kitabuni, mashine imekufa, dawa za kupimia zimechelewa, mvua imefunga njia, na itabidi ukumbuke mgonjwa wa jana ndipo umjue wa leo. Fananisha. Lakini ukisikia mfano umekuja mbio, mtamu, unakupa ulichokuwa unakitaka, tazama mkono wako kama haujashika msumeno tayari. Na utafute mtu wa kukuuliza swali kama lile la mama yako. Mie nilikuwa naye ndani ya nyumba, nikamjibu kwa maskhara.

Barua hii naichomeka kwenye mfuko wa karanga za safari aliokufungia mama yako. Nakujua, Chalinze hutafika hujaufungua. Ukishaisoma, mpigie yule binti. Namba unayo, ujumbe wake wa asante bado uko kwenye simu yako, uliuonyesha Jumapili. Usipange maneno mazuri. Mwambie hukumpima, mwambie akapimwe leo, popote. Atakasirika, labda atakutukana, labda ataisema zahanati na mkuu wenu atakupigia kwa hasira. Yote hayo naogopa pamoja na wewe. Lakini naogopa zaidi yule mtoto wa watu anayehema kwa kutembea tu, anabeba sanduku kwenda chuo na karatasi inayosema yuko sawa, na mwandiko ni wa mwanangu.

Labda ni mzima. Wiki hii nimemwombea yeye kuliko nilivyokuombea wewe, unisamehe. Ila akiwa mzima, usije ukamfanya naye mfano.

Ukimaliza naye, nipigie mimi. Nakujua, utasikia sauti yangu inatetemeka, utataka kunituliza. Utaanza, "Baba usiwaze, hata..." Nakuomba, mwanangu, usimalizie. Umenituliza tangu ukiwa na plasta, na nimeshiba. Lile kosa ni langu, niachie nikae nalo. Sitaki tena lifanane na la mtu mwingine.

Njombe kuna baridi. Kwa ubaridi wa Juni wa hapa Dar tu, ambao si baridi, nakuonaga unaukumbatia ule mkono pembeni ya mlango ukidhani hatukuoni. Kwa hiyo ukifika, kabla ya kuniambia habari za safari na za chumba, niambie mkono unaumaje. Unauma wapi, unauma saa ngapi, unakuamsha au haukuamshi. Usinipunguzie. Miaka yote hii umekuwa unanifariji, na mie sijawahi kukuuliza.

Baba yako